Ibn Sina: Tabibu aliyeyatafuta maradhi ndani ya ubongo

SIFA njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemuumba mwanadamu na kumtunukia akili ya kupambanua. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, katika miji na vijiji vya mwambao wetu, kuanzia Pangani na Bweni hadi Tanga na Mkinga, yako maradhi ambayo yakiingia nyumbani, swali la kwanza huwa si dawa gani itafutwe, bali ni nani aliyeyaleta. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho kwa homa, husemwa amepitiwa na dege. Kijana akianguka na kutoka povu, husemwa ana jini. Mzee akiamka mdomo umekwenda upande na mkono haunyanyuki, husemwa amekumbwa na upepo mbaya. Hapo hutafutwa ubani na mganga, siku zikapita, na hospitali ikawa safari ya mwisho badala ya kuwa ya kwanza.

Swali hilo si geni katika umma wetu. Miaka elfu moja iliyopita lilimfikia Muislamu mmoja aliyekuwa amehifadhi Qur'ani tangu utotoni na aliyekuja kuwa bingwa wa matabibu wa zama zake. Alilijibu kwa kalamu, na jibu lake bado lina manufaa kwa kila nyumba yenye mgonjwa. Mtu huyo ni Ibn Sina, ambaye Wazungu humwita Avicenna.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Jina lake kamili ni Abu Ali al-Husayn bin Abdullah bin Sina. Alizaliwa mwaka 370 Hijria, sawa na 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo uko nchini Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh aliyehamia huko kuitumikia serikali ya wafalme wa Kisamani. Familia ilipohamia Bukhara, kijana akatiwa chuoni, na alipotimiza miaka kumi alikuwa amekwisha kuihifadhi Qur'ani na kusoma sehemu kubwa ya fasihi ya Kiarabu.

Baba huyo hakuchagua mlango mmoja tu wa elimu. Alimpeleka mwanawe kwa muuza mboga mmoja aliyejua hesabu za Kihindi, akajifunza kwake kuhesabu. Fiqhi aliisoma kwa Ismail az-Zahid, na mantiki kwa mwalimu aliyeitwa an-Natili, ambaye haukupita muda mrefu mwanafunzi akampita. Kisha akaingia katika tiba peke yake, kwa vitabu na kwa kuwatazama wagonjwa, na alipokuwa na miaka 16 matabibu wazima walikuwa wakija kusoma kwake.

Mwenyewe alisimulia katika habari za maisha yake kwamba kila alipokwama katika swali gumu alikwenda msikitini, akasali na kumwomba Mola amfungulie, kisha akarudi nyumbani kuwasha taa na kuendelea kusoma usiku. Kitabu cha Aristotle kuhusu asili ya mambo alikisoma mara 40 mpaka akakijua kwa moyo, wala hakukielewa. Siku moja sokoni dalali akamng'ang'aniza anunue kitabu kwa dirhamu tatu tu. Kilikuwa ni maelezo ya al-Farabi juu ya kitabu kile kile. Alipokisoma fumbo likafumbuka, na kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa masikini kumshukuru Mungu. Wazazi wenye watoto wanaokata tamaa ya masomo na walikumbuke tukio hili.

Alikuwa bado hajafika miaka 18 pale mfalme Nuh bin Mansur alipougua na matabibu wake wakashindwa. Kijana akaitwa, akashiriki katika kumtibu, na malipo aliyoyaomba ni ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mfalme. Humo alikuta vyumba vilivyojaa masanduku ya vitabu, na vingi hakuwahi kuviona kabla ya hapo wala hakuviona tena baadaye.

Safari, uwaziri na kifungo

Raha hiyo haikudumu. Baba yake alifariki, dola ya Wasamani ikaanguka mwaka 999, na Ibn Sina akaanza maisha ya kuhama kutoka mji hadi mji. Alipita Gurganj na kufika Jurjan, ambako alimpata mwanafunzi wake mwaminifu, al-Juzjani, aliyefuatana naye hadi mwisho na kutuandikia habari zake. Huko Jurjan ndiko alikoanza kuandika kitabu chake kikubwa cha tiba, al-Qanun fi al-Tibb, yaani Kanuni ya Tiba, ambacho alikikamilisha kiasi cha mwaka 1025.

Kutoka Jurjan alikwenda Rayy, kisha Hamadan, miji iliyoko katika Iran ya leo. Katika mji wa Hamadan alimtibu amiri Shams al-Dawla ugonjwa wa tumbo, na amiri akamfanya waziri wake. Askari hawakumtaka. Waliivamia nyumba yake, wakapora mali na kudai auawe, naye akajificha siku 40 mpaka amiri alipougua tena na kumwita kwa kumwomba radhi. Mchana alishughulika na kazi za serikali, na usiku wanafunzi walikusanyika kwake, mmoja akisoma sehemu ya Kanuni na mwingine sehemu ya kitabu chake cha falsafa.

Amiri alipofariki, waliomrithi walimshuku Ibn Sina kwamba anaandikiana kwa siri na mtawala wa Isfahan, wakamfunga katika ngome ya Fardajan kwa miezi minne. Kifungoni hakuacha kuandika. Baadaye alitoka Hamadan amejibadilisha kwa mavazi ya masufi, akafika Isfahan, na huko akaishi kwa heshima miaka iliyobaki.

Tabibu aliyetibu vichwa

Katika maisha hayo ya misukosuko, maradhi ya kichwa na akili yalimpitia mikononi mara nyingi. Mjini Rayy alimtibu mtawala kijana, Majd al-Dawla, aliyekuwa na maradhi ya huzuni kuu. Al-Juzjani anaeleza pia kwamba siku moja mwalimu wake mwenyewe alishikwa na maumivu makali ya kichwa, akahisi maji maji yanateremkia ngozi ya ndani ya fuvu. Aliagiza barafu nyingi, ikapondwa na kufungwa katika kitambaa, akakizungushia kichwa chake mpaka akapona.

Liko simulizi jingine lililoandikwa na Nizami Arudhi katika karne iliyofuata. Mkuu mmoja wa ukoo wa Buwayh alipatwa na wazimu, akaamini kuwa yeye ni ng'ombe. Alilia kama ng'ombe, akataka achinjwe nyama yake ipikwe, na akakataa chakula mpaka akakonda mno. Ibn Sina hakuagiza apigwe wala afungwe minyororo. Alitangaza kwamba mchinjaji anakuja, akaingia na kisu mkononi, akamlaza mgonjwa, akampapasa mbavu kama wachinjaji wafanyavyo, kisha akasema ng'ombe huyu amekonda, hafai kuchinjwa mpaka anenepeshwe. Mgonjwa akafurahi, akaanza kula kwa bidii, na dawa zikatiwa ndani ya chakula hicho. Baada ya muda akili yake ikarudi.

Tuyakubali masimulizi hayo yote au tuyachukulie kuwa ni mafundisho tu, njia ya tabibu ni moja. Mwenye maradhi ya akili kwake alikuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine, anayestahiki uchunguzi, lishe, dawa na huruma.

Ubongo katika Kanuni ya Tiba

Kanuni ya Tiba ina vitabu vitano. Cha kwanza kinaeleza misingi, pamoja na umbile la mifupa, misuli, neva na mishipa ya damu. Cha pili ni cha dawa moja moja. Cha tatu kinayapitia maradhi kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Cha nne ni cha maradhi yasiyokaa katika kiungo kimoja, kama homa, na cha tano ni cha dawa za kuchanganya.

Katika kitabu cha tatu, Ibn Sina alianza na kichwa. Humo alipanga maumivu ya kichwa, uvimbe wa ubongo na ngozi zake, kifafa, kiharusi, kupooza na kupinda uso, na yote hayo akayahesabu kuwa ni maradhi ya ubongo na ya mishipa inayotoka humo.

Ili tuelewe alichokiona, na tukitazame kichwa kwa mfano wa nazi. Nje ya nazi kuna makumbi, ndani yake kifuu kigumu, kisha ngozi nyembamba iliyogandamana na nyama, na katikati ni maji. Kichwa nacho kina ngozi na nywele nje, fuvu gumu ndani yake, kisha utando unaoufunika ubongo, na katikati ya ubongo vimo vyumba vidogo vyenye maji maalumu. Maji hayo huuzunguka ubongo pia na kuukinga usijigonge kwenye mfupa. Leo tunajua kwamba tando hizo ni tatu. Matabibu wa Kiarabu waliziita kwa jina la mama, kwa kuwa zinaukumbatia ubongo kama mama na mwanawe, na jina hilo lilitafsiriwa kwa Kilatini, hata leo madaktari wa dunia nzima wanalitumia. Zikishambuliwa na vijidudu, ndiyo homa ya uti wa mgongo tunayoijua.

Ibn Sina aliamini kwamba uwezo wa akili umegawanyika katika vyumba hivyo vya maji. Chumba cha mbele kinapokea habari za macho, masikio na viungo vingine vya hisi na kuziweka taswira zake. Cha kati kinafikiri, na hapo ndipo kondoo anapotambua hatari amwonapo mbwa mwitu hata kama hajapata kuumwa naye. Cha nyuma kinahifadhi. Hoja ya matabibu wa zama hizo ilikuwa kwamba mtu akijeruhiwa sehemu moja ya kichwa hupoteza uwezo mmoja na kubakiwa na mwingine, basi lazima kila uwezo una mahali pake. Majina aliyoyatumia tungali tunayatamka nyumbani bila kujua yalikotoka: hisi, fikra, hifadhi. Mtoto wa madrasa anapoihifadhi Juzuu Amma, kitenzi hicho kinatokana na jina lile lile ambalo Ibn Sina aliupa uwezo wa chumba cha nyuma.

Juu ya neva alieleza kwamba zinatoka kwenye ubongo wenyewe na kwenye ugwe unaopita ndani ya uti wa mgongo, nyingine zikiwa za kuhisi na nyingine za kutikisa viungo. Ndiyo maana mtu aweza kupoteza hisia za mkono na bado akaweza kuunyanyua. Zinazotoka kwenye ugwe alizihesabu jozi 31, na moja isiyo na mwenziwe. Zinazotoka kwenye ubongo alizihesabu jozi saba.

Alichopatia na alichokosea

Muislamu hamtukuzi mwanachuoni hata akamfanya hakosei. Mengi katika umbile la mwili Ibn Sina aliyapokea kutoka kwa Galen, tabibu wa Kiyunani ambaye Waarabu walimwita Jalinusi, na ambaye naye aliyapata kwa kupasua wanyama kuliko watu. Kwa hiyo makosa ya Galen yalipita hadi kwake.

Jozi 31 za ugwe wa mgongo zimethibitika mpaka leo. Jozi saba za ubongo hazikuthibitika, kwani tangu mwaka 1778 zimehesabiwa kuwa ni 12. Kumbukumbu nazo hazikai ndani ya maji ya vyumba, bali katika nyama ya ubongo wenyewe. Ziko sehemu mbili ndogo, moja kila upande kwa ndani usawa wa masikio, zenye umbo ambalo wavuvi wa Pangani wangelifananisha na farasi-bahari. Hizo zikiharibika, mtu hawezi kuhifadhi jambo jipya, ijapokuwa ya zamani anaweza kuyakumbuka.

Kwa ujuzi wa leo, ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4, yaani kama asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote ya mwili. Una chembe za neva zipatazo bilioni 86. Ubongo mkubwa umegawanyika nusu mbili, na nusu ya kushoto huamuru upande wa kulia wa mwili, na ya kulia huamuru wa kushoto. Sehemu ya mbele hupanga na kuzuia pupa, ya nyuma kabisa hupokea yaonwayo na macho, na za pembeni hupokea sauti na maneno. Chini yake kwa nyuma upo ubongo mdogo, unaotufanya tusimame sawasawa juu ya ngalawa inayoyumba. Chini zaidi lipo shina la ubongo, linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo hata tukilala.

Neva yenyewe ikitazamwa kwa hadubini ni kama kamba ya katani, nyuzi nyingi zilizofungwa pamoja. Na watu wa Pangani hawahitaji kuelezwa katani, kwani mkonge wa mashamba ulianza nchini mwetu pale Kikogwe, ng'ambo ya mto, mwaka 1893, kwa miche 62 iliyonusurika safarini. Neva moja ya jicho ina nyuzi zipatazo milioni moja. Ibn Sina alidhani kinachopita humo ni pumzi laifu itokayo ubongoni. Mwaka 1791 Mtaliano Luigi Galvani alitangaza majaribio yaliyoonyesha kwamba ni umeme. Umeme huu si kama ule unaotengenezwa na maporomoko ya mto Pangani na kupita kwenye nyaya, kwani huu huzalishwa na chumvi chumvi zinazoingia na kutoka katika uzi wa neva. Hata hivyo kasi yake katika nyuzi nene hufikia mita 100 kwa sekunde, ndiyo maana kidole huondoka kwenye jiko la moto kabla hujasema lolote.

Waliomsahihisha Ibn Sina walianzia miongoni mwa Waislamu wenyewe. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 687 Hijria, yaani 1288, aliandika sherehe ya sehemu ya umbile katika Kanuni na kueleza kwamba damu hupita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo kwenda mwingine, kinyume na kitabu alichokuwa akikifafanua. Ulaya nayo iliipokea Kanuni kwa Kilatini katika karne ya 12, kwa tafsiri ya Gerard wa Cremona, na ikaifundisha katika vyuo vyake hadi karne ya 17.

Ni haki pia kueleza kwamba wanavyuoni wetu hawakukubaliana na falsafa yake yote. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alimkosoa vikali katika masuala ya itikadi. Lakini al-Ghazali huyo huyo aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya, ambayo mji usipokuwa na mtu wa kuisimamia, watu wake wote hupata dhambi. Aliitenganisha falsafa na tiba, nasi tusiziunganishe kwa kutafuta udhuru.

Jibu lake juu ya majini

Sasa turudi kwenye swali tuliloanza nalo. Katika mlango wa maradhi ya huzuni na wasiwasi, Ibn Sina alitaja kwamba baadhi ya matabibu wanaona maradhi hayo huweza kuletwa na majini. Hakuwakejeli, wala hakuingia katika mabishano ya iwapo majini wapo. Alichosema ni kwamba sisi tunaojifunza tiba hatujali kama ni jini au si jini, kwa sababu hata kama ni jini, basi analeta maradhi kwa kuubadilisha mwili, na mwili uliobadilika ndio unaopaswa kutibiwa. Yeye alidhani badiliko hilo ni kuzidi kwa nyongo nyeusi, na katika hilo alikosea. Lakini msingi wa hoja haukukosea.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Muislamu anaamini kuwepo kwa majini kwa sababu Qur'ani imewataja. Imani hiyo haimwondolei wajibu wa kutafuta dawa, kwani Mtume (S.A.W.) mwenyewe ameuhimiza umma wake kujitibu. Dua isomwe, na gari litafutwe. Hayo mawili hayagombani.

Na mkoa wetu wa Tanga una ushahidi wa karibu. Degedege, hasa kwa watoto wadogo, mara nyingi huletwa na homa kali, na katika nchi yenye malaria kama hii huweza kuwa ni malaria iliyopanda kichwani, pale chembe za damu zenye vimelea zinapoziba mishipa midogo ya ubongo. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, na hospitali za Muheza na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walifariki 109, na katika 1,000 waliopewa sindano ya artesunate walifariki 85. Tofauti hiyo ya watoto 24 ilitokana na dawa, na dawa humfaa mtoto aliyefikishwa hospitali mapema. Anayecheleweshwa kwa kufukizwa ubani hakosi dawa tu, bali hukosa saa ambazo ubongo wake ulikuwa bado unaweza kuokoka, na pengine hupona akiwa na kifafa au upofu.

Kifafa nacho ni umeme wa ubongo uliovurugika kwa ghafla, chembe nyingi zikituma habari kwa pamoja bila mpangilio. Huweza kutokana na uzazi mgumu, jeraha la kichwa, malaria ya ubongo au mayai ya minyoo katika chakula kichafu, na mara nyingine chanzo hakijulikani. Hakiambukizi. Povu la mgonjwa halimdhuru anayemsaidia, na kumkimbia ni dhuluma, kwani wengi huungua jikoni au kuzama majini kwa kukosa wa kuwashika. Anayeanguka alazwe ubavu, aondolewe karibu na moto au maji, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na wala asikandamizwe. Ikipita dakika tano hajatulia, apelekwe hospitali haraka. Zipo dawa za bei nafuu, kama fenobabito, ambazo zikinywewa kila siku bila kukatizwa huwazuilia wengi wasianguke tena. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, huko juu katika nchi inayoupatia mto Pangani maji yake, ulikuta kwamba karibu theluthi mbili ya wenye kifafa hawakuwa wakipata dawa hizo. Na mwenye kifafa asiende baharini peke yake, hata kama ni mvuvi hodari.

Ama kupinda uso, Ibn Sina alikuwa amekwisha kutofautisha kunakotoka katika ubongo na kunakotoka katika neva ya uso tu, na madaktari wa leo nao huanza na tofauti hiyo. Anayepinda mdomo, au kulegea mkono upande mmoja, au kushindwa kusema kwa ghafla, achukuliwe kuwa ana kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo, na afikishwe hospitali saa ile ile. Chanzo chake kikubwa ni shinikizo la damu, na hilo hupimwa kwa dakika chache hata katika zahanati.

Mwisho wa safari yake

Ibn Sina alifariki Hamadan mwezi wa Ramadhani mwaka 428 Hijria, sawa na 1037, akiwa hajafika miaka 60, kwa ugonjwa wa tumbo wa aina ile ile aliyokuwa akiwatibu wengine. Imepokewa kwamba alipojua dawa hazimfai tena alioga, akatubia, akatoa mali yake kwa masikini, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anaikhitimu Qur'ani kila siku tatu mpaka mauti yalipomfika.

Mpaka hapo hakuwa ameacha kutafuta tiba wala hakuwa ameacha kumtegemea Mola wake. Hili ndilo tunaloweza kulirithi kwake katika nyumba zetu. Mwenye mgonjwa wa kifafa aliyefichwa chumba cha uani kwa kuogopa maneno ya watu, na amtoe wiki hii ampeleke kliniki. Mwenye mtoto mwenye homa na degedege asingoje asubuhi. Mola awaponye wagonjwa wetu wote, na awape waliojaaliwa kuwauguza subira na uelewa. Amin.